Kwa Nafula, Kabla Hujakabidhi Kitabu

Nafula,

Umeenda Funyula kumuaga Kukhu wako, mama ya baba yako, na mimi nimefunga hoteli mapema ili nikuandikie nikiwa bado na hasira. Nikingoja hadi urudi, utaingia na ule uso wako wa kusamehe watu, nitalainika, nitakuchinjia kuku, na kesho utapanda basi la Nairobi ukidhani tumeelewana. Hatujaelewana. Nataka ulijue hilo ukiwa njiani.

Habari za sweta na za kushika mkoba vizuri ukishuka stendi sitakuandikia. Umekulia Malaba, hapa mpakani, mahali ambapo mbadilisha pesa anaweza kukuuzia noti yako mwenyewe na ukamshukuru. Nairobi haina wizi mpya wa kukufundisha. Ninachotaka kukisema ni habari ya kitabu chako, na jinsi wewe na wale watu watatu niliowaita ndugu mlivyonizunguka.

Nitaanza mwanzo, maana siku hizi naona kila mtu anayasimulia mambo haya anavyopenda.

Kikundi chetu cha waandishi cha Jumapili nilikianzisha mimi. Wewe ulikuwa bado unavaa yunifomu ya shule ya msingi. Nilikuwa nauza chai na chapati kwa madereva wanaongoja karatasi zao za forodha, kama ninavyouza sasa, na kati ya birika moja na lingine nilikuwa naandika hadithi pale kwenye kaunta, nyuma ya fomu zilizoharibika. Fomu hizo aliniletea Wandera, karani wa wakala wa forodha, badala ya kuzitupa. Maharagwe yaliungua mara nyingi. Baba yako akirudi na lori lake kutoka Kampala alikuwa ananusa akiwa bado mlangoni, halafu anauliza, "Leo nani ameoa?" Alijua sufuria ikiungua, basi kuna harusi inaendelea ndani ya hadithi.

Wandera ndiye aliyegundua kwamba siko peke yangu. Naye alikuwa anaandika, vitu vya kuchekesha kuhusu maofisa, ambavyo hangeweza kumwonyesha mtu ofisini. Akamleta Mwalimu Ekisa, ambaye aliandika michezo ya kuigiza ya wezi wa ng'ombe. Mwalimu naye akamleta Sista Taaka, nesi wa hospitali ya Alupe, ambaye alikuwa na mashairi mafupi na aibu ndefu. Tukawa tunakaa nyuma ya hoteli baada ya kanisa. Kila mtu anasoma alichoandika, wengine wanasema, na anayesemwa hajibu mpaka wote wamalize. Hakuna kazi inayotumwa kwa wachapishaji Nairobi hadi kila mmoja aseme iende. Hiyo sheria niliiweka mimi, kwa sababu nilishachoka kuona watu wakipeleka takataka na kurudi kulia kwangu.

Baada ya hapo tunawasomea madereva. Sijui kama kuna kikundi kingine nchi hii kinachofanya kazi hivyo. Dereva aliyekwama Malaba hana pa kwenda, ameshagombana na kila mtu, na hana sababu ya kukupendeza. Unamsomea. Akiinuka kwenda kuangalia turubai lake, ujue umemchosha, na mahali alipoinuka ndipo pa kukata. Nimekatwa sana na migongo ya madereva, Nafula, na sikuwahi kuizoea.

Unaujua mkasa wa mnazi, lakini hukuwahi kuusikia kutoka kwangu. Nilikuwa naandika riwaya ya mapenzi ya Mombasa. Mimi, niliyezaliwa Nambale, ambaye sijawahi kuona maji makubwa kuliko ziwa pale Osieko. Lakini vitabu vyote vya Kiswahili nilivyosoma shuleni vilikuwa na minazi, nikaamini kwamba hadithi isiyo na mnazi haijawa Kiswahili. Basi nikampandisha kijana wangu kwenye tawi la mnazi, akakaa huko anamwimbia msichana. Kulikuwa na dereva mmoja wa Likoni, mtu mpole. Alikunywa chai yake yote kwanza, ndipo akasema, "Mama, mnazi hauna matawi ya kukalia. Huyo kijana wako ataanguka." Hoteli nzima ilicheka, na baba yako alicheka kuliko wote.

Ningejifunza siku ile. Nilichofanya ni kulitoa tawi na kuuacha mnazi. Hapa nje kulikuwa na malori yamepangana mpaka huwezi kuona mwisho wake, na wanawake wanavuka mpaka na madumu ya mafuta ya kupikia yamefungwa tumboni, wanatembea polepole na kupishwa na askari kwa heshima ya mimba. Nayo yote niliyapa mgongo nikaandika upepo wa bahari. Miaka. Mswada ulirudi, nikaandika mwingine wa Lamu, nao ukarudi. Hadithi yangu moja tu ilisomwa redioni, na mtangazaji akaniita Bwana, akanigeuza mwanamume mbele ya taifa zima. Sista Taaka alileta kreti ya soda, tukasherehekea hivyo hivyo.

Hayo ndiyo maisha unayoyakimbilia, na usiku wa jana nilikusikia ukiimba ukipanga nguo. Utaandika umechoka. Utaandika na mtu anakuita. Utapata sentensi nzuri mikono ikiwa kwenye unga, na ukishanawa itakuwa imekwenda. Utamchukia kila anayekuuliza kitabu kimefika wapi, na yule asiyeuliza utamchukia zaidi. Mimi nilimpiga mtoto kofi kwa sababu aliniuliza kama chai imeiva wakati nilikuwa karibu kumaliza ukurasa. Mtoto huyo ni wewe. Hukulia, ulikwenda ukaitazama chai mwenyewe.

Sasa tuje kwa baba yako.

Alipoanza kukonda, kikundi kilifanya mambo ambayo ndugu zake hawakufanya. Sista Taaka alikuwa anatoka zamu Alupe, anapanda baiskeli ya bodaboda, anakuja kumwosha. Mvua ilipoingia kupitia paa na kulowesha mswada wangu, Mwalimu Ekisa aliuchukua akaunakili wote kwa mkono wake, bila kuniambia, na hata hakurekebisha makosa yangu ingawa najua yalimwasha. Wandera, ambaye hajui kuchemsha maji, alisimama kwenye jiko langu akawapikia madereva chapati zenye umbo la ramani ya Uganda, na hakuna dereva aliyelalamika. Hii ndiyo inayoniudhi. Huwezi kumchukia vizuri mtu aliyemwosha mumeo, na mimi ninataka sana kumchukia.

Niliwaambia watu ni TB. Kukhu wako akasema mwanawe amerogwa na jirani aliyekuwa anataka lile shamba la mtoni, na sikumkatalia. Ilinifaa. Yule jirani mpaka leo hasalimiwi na mtu wa ukoo wenu, hata kwenye matanga anakaa peke yake, na nikipita mbele ya boma lake naangalia upande wa pili. Sista Taaka aliwahi kuniambia, jikoni, anakausha mikono, "Mama Nafula, wadi yetu imejaa watu wenye wanakufa na TB, na malaria, na wivu wa majirani. Hakuna mtu anakufa na yenyewe." Nilimwambia amalizie vyombo.

Baada ya mazishi ukaja wakati wa mjane kurithiwa. Baba yako mdogo alikuwa tayari, wazee walikuwa tayari, na mimi nikakataa. Walinitukana mbele yako. Walisema nimezoea wanaume wa malori, kwamba hoteli imenipa kichwa kikubwa, kwamba nimekataa mila. Sikuweza kuwaambia kwa nini nakataa. Yule kijana ana mke na watoto wadogo, na mimi sikujua nimebeba nini mwilini. Wakaniita malaya, nikawapakulia chakula. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata, ukimtoa Sista Taaka, nilikuwa mimi peke yangu, hivyo ndivyo nilivyodhani.

Kumbe ulikuwa unajua. Ulikuwa umejua kwa miaka. Na siku nilipokwenda Busia kununua unga, ulikaa nyuma ya hoteli yangu, kwenye benchi langu, ukakisomea kikundi changu sura nzima ya kifo cha baba yako, na ugonjwa ukautaja kwa jina lake. Wote watatu wakasema iende. Mkaituma. Mkakubaliana nisiambiwe. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, nami nguo yenyewe niliishona.

Nilijua kwa mdomo wa Wandera, ambaye hajawahi kuweka siri hata ya ofisi. Barua ya kampuni ya vitabu ilikuwa imefika, wanakuita Nairobi ukakae na mhariri mkitengeneze kitabu. Akaja kunywa chai, akanipa mkono. "Hongera, mama ya mwandishi." Nilidhani ananidhihaki kwa miswada yangu iliyorudi.

Unakumbuka tulivyosemezana jikoni jioni ile. Nilikuwa nimeisoma ile sura yote ukiwa umeenda kuchota maji, nikakungoja nimeushika mswada.

"Toa hiyo chapta," nilikwambia.

"Nikitoa hiyo, Mama, inabaki tu malori."

"Basi andika malori."

"Wewe uliandika minazi," ukasema, kwa sauti ya chini, na ukaweka mtungi chini polepole usimwage.

Sijawahi kupigwa namna hiyo na mtu yeyote, hata na baba yako siku zake mbaya. Nikakuuliza na mimi je. Nikakuuliza kama umefikiria mteja atakavyokishika kikombe changu na kukitazama kabla ya kunywa. Nikakuuliza nani atamshika Kukhu wako siku atakaposomewa, maana hajui kusoma lakini wa kumsomea hawatakosekana. Nikakwambia watu watanihesabia siku. Sijapima, unajua sijapima, na Sista Taaka ameniomba mpaka amechoka. Ukasema, "Twende pamoja Alupe kesho." Nikakwambia mimi si sura ya kitabu chako. Ukatoka nje.

Kesho yake nilimfuata Mwalimu Ekisa hadi kwake. Nilimkuta anakama ng'ombe, sikumsalimia.

"Mliamua nyuma yangu," nikamwambia.

"Ungekuwa hapo ungekataa."

"Ndiyo. Sheria ndiyo hiyo."

Hakuacha kukama. "Sheria ulitunga ya kuzuia kazi mbaya, Mama Nafula. Hii haikuwa mbaya. Hata mimi niliogopa, sikulala. Lakini uliza Wandera kitu tuliona."

"Mliona nini?"

"Huyu mtoto alikuwa anasomea madereva. Kulikuwa na mmoja wa Kigali, amekaa hapa mpaka amekonda. Wandera akakuja akamwambia, boss, karatasi zako zimetoka, ondoa gari. Unajua vile wanakimbianga. Huyo jamaa akamwambia ngoja. Akakaa mpaka mtoto akamaliza. Halafu akauliza kama huyo mama bado ako hai."

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Nafula, miaka yote niliyowasomea madereva, hakuna hata mmoja aliyewahi kuitwa na karani akabaki amekaa. Hata mmoja. Wengine wameniacha katikati ya neno. Nilikwenda kwa Ekisa nikiwa na hasira ya mama aliyeanikwa, na nikarudi na hasira nyingine ambayo sitakuficha. Nakuonea wivu. Wanawake hawaambiwi kwamba wanaweza kuwaonea wivu watoto waliowazaa, na mimi nakuambia inawezekana, inakaa hapa chini ya mbavu, na hata sasa ninapoandika ipo. Umri wako wote nimekuwa mwandishi wa hapa. Sasa nimekuwa mama ya mwandishi, na hongera napewa juu ya kikombe cha chai.

Kwa hiyo usinitafutie ushauri mtamu. Nina machache ninayoyajua kwa kuumia, na nitakupa jinsi yalivyo. Watu wa Nairobi watakusifu, na sifa zao usizitegemee, kwa sababu hawajakwama mahali popote, wanaweza kukusifu na kuondoka. Tafuta watu wako huko. Usikae peke yako na karatasi. Nilijaribu kukaa peke yangu baada ya mazishi, nikawafukuza wote watatu, nikaandika kurasa nyingi ambazo hakuna mtu aliyesomewa akainuka au akakaa, na zilikuwa mbaya kuliko minazi. Ni Sista Taaka aliyerudi kwanza, akajifanya amesahau mwavuli. Nilijua hakuja na mwavuli. Watu wa namna hiyo watakuokoa, na siku moja watakusaliti kwa sababu wameipenda kazi kuliko walivyokuogopa wewe, na hutajua uwafanye nini. Mimi sijajua. Jumapili iliyopita niliwafungia mlango, wakasomea nje kwenye kivuli cha lori. Niliwasikia kupitia dirishani. Wandera ameandika kitu cha ofisa anayekula stempu, na nilicheka nikiwa nimejiziba mdomo na kanga.

Jingine. Usimwandike mtu ukiwa unamwogopa. Mimi niliwaogopa wakwe, nikaogopa kanisa, nikaogopa wateja, ndiyo sababu nilikimbilia pwani, kwa watu ambao hawangenijua. Hilo ulilijua jikoni kabla mimi sijalikubali, na bado sijakusamehe kwa kulijua.

Tangu siku hiyo nimeisoma ile sura tena na tena. Mara ya kwanza niliisoma kama mama nikatamani kuitia motoni. Kuanzia mara ya tatu, ya nne, nikawa naisoma vile tunavyosoma Jumapili, na ndipo nilipoona mahali ambapo dereva yeyote angeinuka. Wenzangu hawakupaona, au waliogopa kukuambia. Mimi siogopi.

Ni mwisho wake. Umeandika kwamba mama alikaa kitandani, akamshika mumewe mkono mpaka ukapoa, akamwambia nenda salama. Nani alikwambia? Hukuwepo chumbani. Nilikuwa nimekutuma kumwita Sista Taaka. Umebuni, na umebuni kwa sababu ulitaka niwe hivyo.

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nakunja shuka. Baba yako alinyoosha mkono. Niliuona, nikaendelea kukunja. Akasema, "Mama Nafula." Nikamwambia, "Umetumaliza, na hata hujaomba msamaha." Akasema, "Naomba." Nikamwambia, "Leo ndio unaomba?" Nikachukua beseni nikatoka kumwaga maji, na nikakaa huko nje muda mrefu kuliko maji yalivyohitaji. Niliona ndizi zimeanza kuzaa, nikazihesabu mikungu. Niliporudi alikuwa amekwenda, na mkono ulikuwa bado uko nje ya blanketi. Niliurudisha ndani mimi, kabla hamjaingia, ndiyo maana wewe na Sista mlimkuta amelala vizuri.

Hakuna mtu anayelijua hili. Sasa wewe unalijua, na una safari nzima ya basi kulifikiria. Ukiliacha nje, kitabu chako kitapendwa na watu wa kanisa. Mimi nitaendelea kuuza chai hapa kwa watakaobaki, na Kukhu wako nitamsomea mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, kabla mtu mwingine hajamfikia. Alupe nitakwenda siku nitakayoamua mimi, usiniandikie kuniuliza.

Lakini ule ukurasa wa mwisho uuandike upya kabla hujamkabidhi mhariri. Yule mama mwema uliyemkalisha kitandani simjui. Mtoe, uniweke mimi.

Mama yako